Boke Mara Mbili

Nyangi, binti wa Boke, aliponipigia simu nilikuwa darasani, Kisumu, nikiwagombeza vijana wa chuo kwa kuiachia mashine kila kitu. "Anti," akasema, "mama ametuacha," nami nikamwuliza, "Anarudi lini?" Nimefundisha kompyuta miaka mingi, na watu hunisifu kwamba nina kichwa, lakini hilo ndilo swali lililonitoka. Yule binti hakunicheka. Akaniambia siku ya mazishi na kwamba ni kule kule Kegonga, kwa nyanya yake. Nikamwambia nitakuja. Nikarudi ubaoni, nikashika chaki, na hadi leo sijui niliandika nini.

Kegonga walikuwa wamefunga hema mbele ya nyumba, mahindi yamesimama mpaka ukingoni mwa boma, na kwaya aliyoimbia Boke mwenyewe ilikuwa imekaa upande mmoja na vitambaa vyeupe kichwani. Kijana wa kanisa akasoma wasifu. Alisema Boke alikuwa mke wa Mwita. Huyo Mwita hakuwapo pale, wala hajawahi kuwapo popote, na katika umati ule mzima hakuna aliyegeuza shingo kumtafuta, nitafika kwake. Wasifu ukataja watoto watatu, kwaya, kikundi cha akina mama, shamba la tumbaku aliloligeuza la mahindi. Kuhusu shule ukasema kwamba alisoma hadi kidato cha tatu, basi, ukaruka kama anavyoruka mtu tope. Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilinifaa kwa sababu zilinizuia kulia mbele za watu. Kidato cha tatu! Mwaka mzima wa mtu, mwaka ambao mimi bado naula mpaka leo kwa sababu ndio ulionipa kazi, umesemwa kwa pumzi moja. Kwa hiyo nauandika mimi. Habari za kwetu Magunga naziruka, hazina maana hapa.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Migori. Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya mahindi kabla mashine hazijaletwa, na panya hawakuwa wamepewa taarifa ya mabadiliko. Tulivua viatu mlangoni. Kila mashine ilikuwa na gauni lake la kitambaa cha maua lililoshonwa na wasichana wa ushonaji, na kulivua gauni lile ilikuwa kazi ya heshima ambayo Mwalimu Okello hakumpa mtu ovyo. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu, zimechoka huko zilikotoka, zikiwashwa zinakoroma. Mimi na Boke tuligawana ile ya dirishani. Boke alikuwa ametutangulia sote kwa umri, maana alianza shule akiwa mkubwa, na alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Akirudi kutoka likizo vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani mabichi ya tumbaku, ule unaonata usitoke kwa sabuni, na Mwalimu alimtuma bombani akajisugue kwa mchanga kwanza. "Boke, nyathina, hiyo kibodi si ya baba yako," alimwambia, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. Hata hivyo herufi B na O za mashine yetu zilinata mwaka mzima.

Mwalimu Okello ndiye aliyetuletea yale mafumbo. Aliandika ubaoni hesabu ya kujumlisha, lakini mahali pa namba akaweka maneno. Kila herufi imeficha tarakimu moja, akasema, kati ya sifuri na tisa. Herufi ikishachukua tarakimu yake, ni hiyo hiyo kila inapotokea, na herufi nyingine hairuhusiwi kuigusa. Neno haliwezi kuanza na sifuri. Kazi yenu ni kufichua namba ili hesabu ikubali. Darasa zima likainama juu ya karatasi. Boke hakuinama. Alitazama ubao, akaenda mbele bila kuombwa, akachukua chaki na kuandika la kwake: BOKE kuongeza BOKE ni sawa na SHULE. Wasichana wakacheka, kwa sababu kila mtu alijua alivyopenda shule, hata siku za Jumapili ungemkuta na sare. Mwalimu akamwuliza, "Sasa hii ina jibu?" Boke akasema, "Sijui, lakini S ni moja. Namba mbili za tarakimu nne haziwezi kuzaa ya tarakimu tano inayoanza na mbili. Na E ni sifuri, lazima, kwa sababu E na E zimezaa E." Nikamtania kutoka nyuma kwamba jina lake basi linaishia patupu. "Patupu wapi?" akasema. "Hebu itoe hiyo sifuri uone nitabaki na ngapi."

Hapo ndipo Mwalimu alipoamua sisi wawili twende kwenye kongamano la sayansi. Shule zilikuwa zinapeleka wanafunzi wawili wawili, kila jozi na mradi wake: kwanza Migori, na wakipita, Homa Bay. Mradi wetu ungekuwa programu fupi ya kufumbua fumbo lolote la aina ile, kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuria, lugha yoyote ambayo waamuzi wangetuletea. Lakini kabla hajatutangazia, nilisikia jambo. Nilikuwa nimetumwa kupeleka chaki ofisi ya walimu, na ukuta wa ofisi ile ulikuwa mbao nyembamba tu. Mwalimu mmoja alikuwa akisema, "Okello, chukua msichana mwingine. Huyo wa Kegonga akienda likizo siku moja hatarudi, utabaki na nusu ya mradi. Mimi niko hapa miaka mingi, nimewaona." Kikombe kikawekwa juu ya meza. Halafu Mwalimu Okello akasema, "Yawa, basi nitakosea pamoja na yeye." Nilibisha hodi na chaki zangu kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Sikumwambia Boke.

Muhula ule wa kwanza tuliishi ndani ya ile stoo. Programu yenyewe ilikuwa fupi, ilienea kwenye kioo kimoja cha mashine. Ilikuwa ni kujaribu tu: B iwe moja, O iwe sifuri, K iwe mbili, na kuendelea, mzunguko ndani ya mzunguko, na kila ikifika mwisho inajumlisha, hesabu ikikataa, inarudi nyuma hatua moja na kujaribu tarakimu inayofuata. Mara ya kwanza tulisahau kuandika ile kanuni ya kutogawana. Mashine ikatapika majibu bila kupumzika, na tulipoyaangalia tukakuta B na K zote ni tano. Boke alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee Adhi, hii mashine inaoza ovyo! Imepea wanaume wawili bibi mmoja." Tukairekebisha. Jioni tulikula wote wawili kutoka sahani moja, githeri ya shule, yale mahindi na maharagwe, tukiichanganya na omena yangu ya kukaanga, dagaa wa ziwani, naye akitoa unga wa wimbi aliouficha kwenye sanduku tukakoroga uji kwa maji ya moto ya jikoni, tuliyopewa na mpishi kwa kumsifu. Boke alikuwa akiongea kinywa kikiwa kimejaa. Alisema akimaliza shule atasomea hesabu, hesabu tupu, si ualimu wala uuguzi, na watu wakimwuliza hesabu inafanya kazi gani atawaambia haifanyi kazi, imekaa tu. Sijawahi kumsikia mtu akiitamani kesho kwa njaa kama ile.

Migori tulipita. Ikabaki Homa Bay, na hiyo ilikuwa mwanzoni mwa muhula wa pili. Siku ya mwisho kabla ya kufunga shule, wenzetu wakifunga masanduku, Boke alimwomba Mwalimu atuachie chumba alasiri moja tujaribu lile fumbo lake. Nikamwambia tuipunguzie mashine kazi, tuiambie S ni moja na E ni sifuri, itamaliza upesi. Akakataa. Waamuzi watakuja na maneno yao, akasema, hatutakuwa na muda wa kuinong'onezea. "Wacha ijaribu yote. Nataka kuona ikijaribu yote." Basi tukaiwasha, tukakaa. Tulikuwa tumeiambia ituonyeshe B imefika ngapi. Moja, kimya. Mbili, kimya. Mashine zile zilikuwa za pole pole kiasi kwamba ungeweza kumenya muhogo na kuula kabla B haijabadilika, na tulifanya hivyo. Tatu. Nne. Boke aliweka ganda la muhogo chini. Tano, bado hakuna. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Adhi, na kama halina jibu?" Nikamwambia kama halina halina, ni fumbo tu. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

Halafu sita, na kioo kikaandika: 6390 + 6390 = 12780. Boke alipiga yowe lililomleta mpishi mbio na mwiko mkononi. Muda ukapita, likaja 6790, na muda mwingine, 6920. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, kwa huruma, "Sasa unaona shida yake? Fumbo zuri lina jibu moja. Hili lako lina mengi." Boke hakumgeukia, macho yalikuwa kwenye kioo. "Mwalimu," akasema, "mimi nataka yawe mengi." B ikaandika saba, na umeme ukapotea. Migori siku hizo umeme ulikuwa ukijiendea. Tulingoja mpaka kiza kikaanza kuingia chumbani, tukaivisha mashine gauni lake. "Tutaanza upya tukirudi," nikasema. Asubuhi Boke akaenda Kegonga na mimi nikaenda Magunga.

Shule ikafunguliwa na kitanda chake kikabaki na godoro tupu. Kila mtu alikuwa na sababu ya kunituliza: mvua, barabara, mavuno ya tumbaku. Siku ya Homa Bay nilikuwa na hakika atatokea kule kule. Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, upepo ukileta harufu ya samaki madirishani, na meza yetu ilikuwa na viti viwili na vitambulisho viwili vya kubandika kifuani. Cha Boke nilikiweka juu ya kiti chake. Kila mwamuzi aliyekuja aliniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" nami nikajibu, "Anakuja." Mwanamke mmoja mwenye miwani alinipa fumbo la maneno mafupi ya Kijaluo, mashine ikalifumbua akiwa bado amesimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatazama kile kiti. "Anakuja," nikasema kabla hajauliza. Nilisema hivyo mpaka wakaanza kukunja nyaya. Hatukushinda, lakini tulipewa cheti chenye majina yetu wote wawili, na Mwalimu akakifunga kwenye gazeti kisipate mkunjo.

Habari zilikuja na msichana wa kidato cha kwanza aliyetoka karibu na kwao: Boke ameolewa. Nikauliza ameolewa na nani, yule mtoto akaangalia chini, akasema, kwa Mama Robi. Mimi Mjaluo, na Mwalimu Mjaluo, tukasikia tulivyojua kusikia: Mama Robi lazima ni mama mkwe, na mume yuko mahali. Kulikuwa na gari la shule likienda Kehancha kuchukua mahindi, Mwalimu akaomba ruhusa, tukapanda, na kutoka Kehancha tukaendelea kwa pikipiki. Alikuwa amevaa tai. Alinunua mkate na sukari, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba, nikimsikia juu ya mlio wa injini: "Bwana mkubwa, hatukuja kukunyang'anya mke. Mke ni wako. Tunaomba tu amalize masomo, utakuwa na mke aliyesoma." Kama mume ni kijana, angemwita ndugu yangu. Kama ni mzee, angevua kofia. Alikuwa ameyafikiria yote.

Mama Robi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye meno mazuri, na Kiswahili chake kilikuwa safi, cha upande wa pili wa mpaka. "Karibuni wanangu, mmetoka mbali," akasema, akatukalisha kwenye chumba chenye viti vya mbao na vitambaa vya kufumwa. Mwalimu akasema tumekuja kuonana na bwana wa Boke. "Mle kwanza," akasema mama. Boke akaingia na jagi na beseni kutunawisha mikono. Alikuwa amejifunga leso. Aliponimwagia maji hakuinua macho, ila maji yalimwagika nje ya beseni, na Boke hakuwa mtu wa kumwaga maji. Tukaletewa ugali wa wimbi, mweusi, mzito, na kuku, na maziwa lala. Jikoni wanawake walikuwa wakizungumza Kikuria, nisielewe kitu, na katika maneno yote nilishika moja tu: kompyuta. Mwalimu alikula kwa adabu, kisha akauliza tena, bwana atarudi saa ngapi.

"Mwita?" akasema Mama Robi.

"Ndiyo, mama. Huyo Mwita."

"Mwita hakuzaliwa, mwalimu."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. Mungu alimpa wasichana, akasema, na wote wameolewa, wako kwao. Nyumba haizimwi kwa sababu hakuna mvulana. Basi alichukua ng'ombe wake, akamwolea mke yule mwana ambaye hakuja, na jina akampa, Mwita. "Boke ni mokamona wangu. Mke wa mwanangu. Watoto wake, azae na nani, watakuwa wa Mwita, na nyumba hii itakuwa na watu." Mwalimu aliliweka chini tonge la ugali. Hotuba yake yote ilikuwa ya mume. Aligeuza macho chumbani, pengine akimtafuta mtu wa kumwita ndugu yangu, kisha akasema, "Sasa mama, mimi niseme na nani?" Mama Robi akajibu, "Sema na mimi, baba. Atasoma. Akishaituliza nyumba, atasoma. Sikatai mimi." Siandiki haya kuwahukumu Wakuria, Wajaluo tuna mila zetu ambazo nikizieleza mbele ya wageni natafuta pa kuficha uso, na hata kwao wengi wameiacha hii. Na yule mama, naamini alimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kila mtu pale ndani alikuwa mwema.

Nilimfuata Boke nyuma ya ghala. Nilikuwa nimepanga kumwambia akusanye nguo twende, gari liko Kehancha. Akanieleza kabla sijafungua mdomo. Kwao ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka, na kaka yake Chacha alikuwa amempa msichana wa watu mimba. Ng'ombe wa Mama Robi hawakumaliza hata wiki zizini kwa baba yao. Walipita moja kwa moja wakaenda kwa kina shemeji. "Nikirudi shule, ng'ombe warudishwe. Ng'ombe wakirudishwa, yule msichana arudi kwao na tumbo lake. Unataka nifanye hivyo?"

"Nataka," nikasema.

"Hata mimi," akasema Boke.

Nilimpa cheti, akalisoma jina lake, akalisoma tena, akajipangusa vidole kwenye leso kabla ya kukishika vizuri, vilikuwa vyeusi kwa tumbaku. Kisha akauliza, "Majibu yalifika mangapi?" Nikamwambia bado ni matatu. "Hukuiendesha tena?" "Bila wewe?" Akacheka kidogo, yule Boke wangu akatokea usoni, halafu akaniambia, akinishika mkono kwa nguvu, "Usimalizie. Ningoje. Mama amesema mwaka ujao." Mama Robi alikichukua kile cheti, akamwomba Mwalimu akisome kwa sauti, na kabla hatujatoka nje kilikuwa kimeshatundikwa ukutani kwa msumari. Kurudi, Mwalimu alishuka kwenye pikipiki kando ya gari la shule. Akafungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. "Adhiambo," akasema, "mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya."

Mwaka ujao akaja mtoto, ndiye Nyangi. Mwaka wa kufuata kaka yake Boke, Chacha, akaugua, na shamba la kwao nalo likabaki mikononi mwa Boke. Mimi nikamaliza shule, nikaenda chuo, nikajifunza kuandika programu ambazo zingeicheka ile yetu. Sikuliendesha fumbo la Boke. Ningeweza kulifanya hata kwa kalamu, nikikaa, lakini nilikuwa nimeambiwa ningoje. Nikiona neno SHULE kwa herufi kubwa juu ya lango nilitazama pembeni, akili isije ikaanza yenyewe. Simu za mkononi zilipoingia, Boke alikuwa akinipigia, na kabla ya habari za nyumbani huuliza, "Umemalizia?" Namjibu, "Sijamalizia." "Kaa hivyo hivyo." Ulikuwa mchezo wetu, na tuliucheza mpaka nywele zetu zikaanza mvi. Mara ya mwisho, kabla hajaugua, aliniambia Nyangi akihitimu yeye atarudi shuleni, atavaa sketi na soksi ndefu, nije nimpeleke. Tulicheka sana. Sote wawili tulijua, na nashukuru kwamba hakuna aliyelisema.

Asubuhi baada ya mazishi nilikuwa bado pale. Hema lilikuwa limeshafunguliwa. Kaburi la Boke liko karibu na la Mama Robi, nyuma ya ghala, udongo wa moja mwekundu bado na wa lingine umeota majani. Nilikaa kwenye vile viti vya mbao, na ukutani kilikuwapo kile cheti, kimegeuka rangi kwa moshi, majina yetu yanasomeka kwa shida. Nyangi akasema, "Anti, mama alikuwa anasema mna hesabu yenu. Ni gani?" Nikaitoa kompyuta yangu mkobani. Nikaiandika programu kama ilivyokuwa, mzunguko ndani ya mzunguko, bila kuinong'onezea chochote, B ianze na moja, yote yajaribiwe. Nyangi akaenda jikoni kuleta chai. Nikabonyeza, nikakunja mikono, nikaegemea kiti ili nisubiri, kama alasiri ile.

Ilikuwa imeshamaliza. Yale matatu yetu yalikuwa juu, 6390, 6790, 6920, na chini yake, jirani kabisa, pale pale umeme ulipopotelea, 7280. Halafu 7290, na mengine, na mengine, mpaka 9360 + 9360 = 18720. Niliyapitia moja moja kwa kidole nikiyahesabu na kutafuta lenye kosa. Halikuwapo. Yote yalikuwa sahihi, yote yalikuwa njia za Boke kufika shule, na yalikuwapo tangu siku ile tuliyokuwa tukila muhogo, na yeye hakupewa hata moja. Nililia basi. Nililia kwa sauti, kwa kinyongo, kwa miaka yote niliyongoja kitu ambacho hakikuhitaji hata kupepesa jicho. Na katikati ya kulia mkono wangu, ambao haukuwa umeambiwa, ulichukua simu, ukabonyeza jina lake, kwa sababu hizi zilikuwa habari zake yeye, na nani mwingine ningemwambia.

Ikalia jikoni. Nikasikia vikombe vikiwekwa chini. Nyangi akatokea mlangoni na simu ya mama yake mkononi, akaitazama, akanitazama, machozi yakimshuka. Kisha akaipokea, akaiweka sikioni, akiwa amesimama hatua chache tu kutoka nilipokaa.

"Halo," akasema.

"Ni kumi na tano," nikasema.